Kitasa cha Ndani

Tarehe 3 Februari

Kwa bibi harusi wangu,

Shikamoo. Ile simu niliyokupa nasikia umeifungia kabatini pamoja na mashuka, basi naandika kwa kalamu kama mtoto mwema.

Nimepata lori, Bibi! La tani mbili, la zamani hasa, lenye pua ndefu na taa mbili za duara kama macho ya bundi. Lilikuwa limelala kwenye yadi ya vyuma chakavu, nyasi zimeota hadi kwenye siti. Mwenye yadi alitaka tu apate nafasi yake, kwa hiyo aliniachia kwa bei ya matairi. Sasa liko kwenye banda la Cheche, yule rafiki yangu mchomeleaji, na kila tukitoka kazini tunaingia chini yake.

Kikundi chetu tunajiita Wakongwe. Fedha hatuna, mikono tunayo. Dashibodi nimeitengeneza kwa mbao za kabati lililovunjika. Rimu zimetoka kwenye gari la maziwa. Springi Cheche amezikata, tumelishusha, sasa linanyemelea barabara kama paka. Mama Viti, fundi wa makochi wa jirani, anatushonea siti kwa turubai na mabaki ya ngozi. Mwisho wa mwezi ujao kuna maonyesho ya magari ya zamani ng'ambo ya mto, na sisi tumo. Mama amesema yeye ndiye atakayekaa kiti cha abiria, avae miwani ya jua, apungie watu mkono.

Kitu kinachowatia wazimu wenzangu ni mlango wa upande wa abiria. Kwa ndani hauna kitasa. Mwenye lori wa zamani alikitoa, akaziba tundu kwa kipande cha sinia na kukipigilia pini sita za ribiti. Kipande chenyewe kina ua jekundu, nusu. Ukikaa humo lazima mwenzako akufungulie kwa nje. Sisi Wakongwe tuna sheria moja: kovu haliguswi. Rangi paka, injini badili, lakini alama ya maisha ya gari iache ilivyo. Ua hilo ndilo litakalotupa ushindi.

Mumeo na mjukuu wako,
Spana

*

Tarehe 14 Februari

Kwa mume wangu mdogo asiyesikia,

Marahaba. Mwandiko wako ni kuku kapita kwenye tope. Mimi niliishia darasa la tatu na herufi zangu mpaka leo zinasimama wima.

Hilo ua lina majani mangapi? Jibu hilo kwanza kabla ya upuuzi mwingine. Na hizo ribiti sita, ni tatu juu na tatu chini, au vipi?

Sasa upuuzi wenyewe. Watu wazima na akili zao wamekitupa kitu, wewe unakwenda kukiokota. Lori lililokatwa springi litabeba nini, upepo? Nilikulea ule ushibe, si ulale chini ya vyuma na huyo Cheche wako, ambaye mara ya mwisho nilimwona hana nyusi. Nyusi zimeungua! Mtu asiyeweza kulinda nyusi zake unampa springi zako akate.

Lirudishe. Kama huwezi kulirudisha, toa hilo bati, utie kitasa. Mama yako asikae kwenye kiti kile. Mtu hakai mahali asipoweza kujitoa mwenyewe. Hata kuku nikimfunika tenga namwachia mwanya.

Jibu upesi.

Bibi yako

*

Tarehe 22 Februari

Bibi mkali,

Shikamoo. Majani matatu na nusu. Ribiti nne juu, mbili chini, na moja ya chini imepinda. Mbona uliuliza kama zinalingana? Nilimsomea Cheche barua yako, akapaka masizi mahali pa nyusi na kusema sasa anafaa kukuoa.

Kitasa siwezi kutia. Nimeleta hoja kwa wenzangu, wakanizomea. Kovu haliguswi. Ningekuwa mimi nimetoa wazo hilo mwenyewe wangenifukuza kundini.

Lakini nikuchekeshe. Mama Viti amemaliza siti. Kazi safi, mshono umenyooka. Siku ya pili tukakuta upande wa abiria umelowa. Tukasema paa linavuja, ingawa mvua haijanyesha mwezi mzima. Cheche akaziba kila tundu. Siku ya tatu umelowa tena. Mama Viti akauvua mfuko wa siti, akauanika juani, akaurudisha. Mchana uleule ukalowa, na sasa akatuita tuone: haukuwa umelowa wote. Umelowa umbo la mtu aliyekaa, mapaja mawili na mgongo, kaegemea mlango.

Na kioo cha upande huo kinafanya ukungu kwa ndani saa saba za mchana, jua la kupasua kichwa. Cheche anafuta, kinarudi. Mama Viti amekataa kuingia tena kabini. Anasema yeye hushona makochi ya watu wanaoonekana.

Tunacheka, Bibi. Lakini tunacheka tukiwa nje ya banda.

Spana

*

Tarehe 3 Machi

Wewe Spana,

Sikuiti mume leo. Nimekasirika.

Sikiliza. Lori hilo nalijua. Lilikuwa la mtu mmoja mbaya wa huku kwetu, mlevi, aliyelitumbukiza mtoni kwa ulevi wake. Ndiyo maana nilikuuliza habari za ua, watu walilizungumzia sana. Chombo cha mlevi hakina baraka. Hilo tu. Usiniulize jina lake, maana limenitoka.

Sasa sina la zaidi, ila hili nalirudia, nalo liandike kwenye ukuta wa hilo banda kwa chaki: KITASA. Ndani. Upande wa abiria. Sheria ya kovu haliguswi imetungwa na watoto wasio na kovu hata moja. Mwenye kovu hulifunika na nguo, analipaka mafuta likimwasha, na siku ya baridi analikanda kwa maji moto. Haliachi hivihivi watu waje kulipigia makofi.

Mama yako asilikaribie. Mwambie mama yake ndiye kasema.

Bibi

*

Tarehe 11 Machi

Bibi,

Shikamoo. Leo sina mzaha.

Nilimwambia Mama asiingie, na unamjua binti yako: ukimwambia asiende ndiyo unampa nauli. Jumatatu alikuja bandani na chakula changu cha mchana, akasema anajaribu siti dakika moja. Akaingia, mlango ukafungwa. Sikuufunga mimi. Nilivuta kitasa cha nje, hakikutii. Cheche akavuta, wapi. Mlango wa dereva nao ukagoma. Kioo kilijaa ukungu, simwoni. Dakika kumi, Bibi, tukitafuta nyundo. Kisha mlango ukafunguka wenyewe, laini, kama umetiwa mafuta.

Mama alikuwa amekaa ametulia. Gauni lake limelowa hadi vifundoni, viatu vimejaa maji. Sakafu ya kabini kavu. Nikamuuliza, Mama, nini? Akasema, "Humu kuna ubaridi mzuri." Halafu akaniuliza kama nimewahi kumwambia mtu yeyote jina la Kijiko. Sijawahi hata kulisikia. Akasema alikuwa akiitwa hivyo na baba yake, kwa kuwa alipokuwa mdogo alilala akiwa amejikunja kifuani pake kama kijiko juu ya kijiko. Wewe mwenyewe, anasema, hukuwahi kumwita hivyo.

Jumanne alikwenda tena nikiwa kazini. Maji magotini. Jana mapajani. Leo asubuhi kufuli la banda nimelibadilisha, na mchana nimemkuta humo humo ndani, sijui kaingiaje, gauni limelowa hadi kiunoni na midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Anatabasamu. Nimembeba mpaka nyumbani. Amesema kesho lazima arudi, kwa sababu kuna mtu anataka kumwambia jambo na kila siku anakaribia kulimaliza.

Ninaweza kulichoma lori hili moto. Cheche amelishika dumu la mafuta tayari. Lakini Mama ameapa kwamba tukilichoma, atakuwa ndani.

Bibi, huyo mlevi ni nani?

Mjukuu wako

*

Tarehe 13 Machi

Mjukuu wangu,

Barua hii nampa dereva wa basi mkononi ifike kesho, na mfuko huu pamoja nayo. Usiufungue mpaka umalize kusoma. Kaa chini. Cheche naye akae, na aweke hilo dumu mbali, hana nyusi za kupoteza tena.

Mlevi hakuwepo. Babu yako hakuwahi kunywa hata bia moja, tumbo lilimkataa. Lori ni lake.

Mama yako alikuwa na miaka minne, mtundu, mikono haitulii. Siku moja lori likienda, alifungua mlango wa abiria, nikamdaka kwa gauni akiwa nusu nje. Nikampigia kelele babu yako: toa kitasa hicho leo, la sivyo mimi na mtoto hatupandi tena! Bati hakuwa nalo. Nikaleta sinia langu mwenyewe la harusi, nikamwambia kata. Alisikitika, akasema ua hilo ni zuri. Nikamwambia mtoto ni mzuri zaidi. Akalikata katikati. Ribiti tatu juu, tatu chini, ndivyo alivyotaka, moja ya chini ikapinda, basi ya mwisho akaipiga juu. Ndiyo maana nne na mbili. Nilikuwa nimesimama pale namkosoa.

Mwaka uliofuata nikapata kazi ya kushona sare za shule, magunia manne. Mvua zilikuwa kubwa. Mtoto tukamwacha kwa jirani, tukaondoka asubuhi. Cherehani yangu sikutaka iwekwe nyuma ikwaruzwe, nikaiweka kabini, katikati yetu. Ilikuwa mpya. Nilikuwa naiona kama mtoto wa pili.

Tulipofika kwenye kivuko, maji yalikuwa juu ya mawe. Babu yako akasema, "Tusubiri yapungue." Alikuwa amechoka, akahamia kiti cha abiria alale. Alipenda kuegemea mlango ule, kwa sababu haufunguki. Akalala.

Nikakaa kwenye kiti chake cha dereva nasubiri. Walimu nao wananisubiri. Na mimi kuendesha alikuwa amenifundisha kwa siri, kwenye barabara tupu, maana mwanamke kushika usukani wakati ule watu walisimama kutazama. Nilijua naweza. Nikajiambia, haya maji ya kikombe ndiyo ya kunizuia mimi? Sikumwamsha. Nilitaka aamke tuko ng'ambo, nimcheke.

Nikawasha, nikaingia majini, na katikati lori likainuka. Maji yalilisukuma kama mtu anavyosogeza kiti. Nilifungua mlango wangu nikatoka, au yalinitoa, sijui. Mlango ukajifunga nyuma yangu. Nikashika mti. Yeye aliamka. Nilimwona kwenye kioo cha upande wake, anapapasa pale penye bati. Anapapasa pale pale, Spana. Mkono ulisahau. Ungekuwa na akili ungekuja upande wangu, lakini katikati kulikuwa na cherehani. Na kioo kile hakikushuka ila ukizungushe kwa koleo, mpini wake ulikatika zamani, na koleo nililiacha chini ya miguu yangu.

Lori lilitolewa siku ya tatu. Vioo vizima. Milango imefungwa. Cherehani ipo. Yeye hayumo.

Watu wakasema alijitoa akachukuliwa na maji. Mimi nilijua hakutoka, maana nilijua mlango ule. Walipouliza, nikasema alikwenda peke yake. Mmoja akasema labda alikuwa amelewa. Nikaona neno hilo linanifunika vizuri, nikaliacha likae. Limekaa miaka arobaini na moja. Mama yako alikua akiambiwa baba yake alikuwa mlevi, na mimi nikisikiliza huku nakanyaga cherehani ile ile. Lori nililiuza mbali kwa mchimba mawe, nikidhani mbali ni dawa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilimtamkia kila mtu methali hiyo isipokuwa mimi.

Sasa fungua mfuko. Kitasa hicho ndicho chenyewe. Kimekaa ndani ya kopo la vifungo siku zote hizo. Skrubu zake mbili zimo kwenye kitambaa. Na hiyo ni nusu ya pili ya sinia, nilikuwa nachambulia mchele. Iweke karibu na mwenzake uone.

Ng'oa ribiti. Tia kitasa. Usilichome lori, usimwite mtu wa kufukuza wala kupuliza moshi. Mtu wetu hafukuzwi. Anafunguliwa. Na barua hii mpe mama yako aisome yote. Usimsomee ukaruka.

Mwoga mkubwa,
Bibi yako

*

Tarehe 29 Machi

Bibi,

Shikamoo.

Kitasa tulikitia siku ileile, tarehe 14, saa sita mchana. Niling'oa ribiti mwenyewe. Wakongwe wote walisimama, hakuna aliyetaja sheria. Ua lilikutana na nusu yake kama halijawahi kukatwa. Skrubu ziliingia kwenye matundu yake kwa vidole tu.

Tukafunga mlango, tukarudi nyuma. Kioo kikafanya ukungu. Kisha tukaona kitu kinapapasa kwa ndani, polepole, kutoka mbele kuja nyuma, kinafuta ukungu kwa kiganja. Kikafika kwenye kitasa. Kikasimama hapo muda mrefu mno, kama mtu asiyeamini. Halafu tukasikia: tak.

Mlango ulifunguka na maji yakatoka, Bibi. Mengi kuliko kabini inavyoweza kubeba. Ya rangi ya udongo, na majani mabichi ndani yake. Yalituloweka wote hadi magotini, yakatokea mlango wa banda. Yalipokwisha, sakafuni kulikuwa na nyayo mbichi za mtu mmoja, hana viatu. Mguu wa kushoto kidole kidogo hakigusi chini. Zilipita katikati yetu. Zilisimama mbele ya Mama kidogo. Kisha zikatoka, zikashika barabara ya huko kwako. Cheche alizifuata mpaka mwisho wa lami. Jua lilikuwa kali na hazikauki.

Siti imekauka tangu siku hiyo.

Jana tulivuka mto kwenda maonyesho. Mama alikaa kiti kile, bila miwani, mkono kwenye kitasa kutoka mwanzo wa daraja hadi mwisho. Hatukushinda. Majaji walisema kitasa kimeharibu uasilia wa gari. Cheche nusura awapige.

Bibi, sikulaumu kwa maji. Lakini kumwita mlevi! Mama ameisoma barua yako mara mbili, akaikunja, akaiweka kifuani. Nilipomwuliza nikuandikie nini, akasema, "Mwandikie kwamba nimeisoma."

Mjukuu wako

*

Tarehe 2 Aprili

Mjukuu wangu,

Kuanzia leo sikuiti mume tena. Mwenyewe yupo, na ana wivu, unajua mama yako alivyourithi.

Amefika juzi asubuhi. Nilikuwa nafagia. Nyayo zimepanda ngazi, moja, mbili, tatu, zimeingia, mimi nimesimama na ufagio kama mjinga. Mguu ule ule wa babu yako, kidole kile kile kisichogusa chini. Kiti chake alichokuwa akikalia kimelowa, mapaja na mgongo. Nikamwambia karibu. Nikamwambia umechelewa, maana sikujua la kusema, na mdomo wangu unajua kugomba tu. Kisha nikapiga magoti, na magoti yangu unayajua yalivyo, nikamwomba radhi, ya maji na ya neno lile. Kitambaa kilichofunika cherehani kimelowa kidogo, pembeni, kama mtu kakigusa kwa vidole.

Nilipotaka kwenda kuchota maji ya chai nikakuta mlango umefungwa. Nikapeleka mkono kwenye kitasa. Kitasa cha ndani hakipo. Kimetolewa vizuri, matundu mawili ya skrubu, safi, kazi ya mtu mwenye mkono. Na mimi nilipapasa pale pale, Spana. Najua hakipo, na mkono unapapasa.

Dirisha lina nondo. Jirani kanisikia, akaja akataka kunifungulia kwa nje, nikamfukuza. Mlango huu si wa mtu wa kando kuufungua. Barua hii nampitishia kwenye nondo aipeleke kwa dereva wa basi.

Usinihurumie. Mkate ninao, maji ndiyo usiniulize. Yalianza jana, chini ya kiti chake, yanakuja bila haraka. Nikiandika hivi yako kwenye vifundo vyangu. Yana rangi ya udongo. Si baridi kama nilivyoogopa miaka yote.

Usije wewe. Cheche asije na nyundo yake. Mwambie mama yako tu; wa kufungua ni yeye, akitaka. Mwambie nimepata habari kwamba ameisoma. Mwambie nimemsikia baba yake akisema jina la Kijiko, mara moja, leo alfajiri, kwa sauti ya mtu anayengoja.

Sisi tuko ndani, mimi na yeye, na katikati yetu cherehani.

Kwa nje kitasa kipo.

Bibi yako